MREJESHO: Pa kutembelea Kampala wikendi

Wakuu, mimi ndiye yule wa Mwanza niliyehamia Kampala kikazi, nikauliza niende wapi wikendi badala ya kushinda ndani. Asanteni sana.

Nilianza na Msikiti wa Gaddafi, Old Kampala. Nimepanda mnara mpaka juu, magoti yakitetemeka, lakini mji wote na vilima vyake uko chini yako. Aliyenishauri niende asubuhi kabla ya jua kali, Mungu akubariki.

Bustani ya Mimea ya Entebbe, ya tangu 1898, nayo safi. Ila tumbili mmoja alininyang'anya ndizi mkononi.

Kisiwa cha Ngamba kwa sokwe ndiko nilikokwama. Ziwa Victoria (Nyanza) lilichafuka, nikaghairi gatini. Msukuma mzima naogopa Nyanza!