Nyimbo za pop ziliibeba au zimeizeesha Miami Vice?

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Nimeanza kuitazama upya Miami Vice, tamthilia ya polisi iliyoanza kurushwa na NBC ya Marekani mwaka 1984, ambayo ililipia vibao halisi vya redioni na kuviacha visikike kwa muda mrefu ndani ya matukio. Baadhi ya matukio hayo bado yananisisimua, ila mengine, pamoja na zile suti za rangi hafifu na boti za mwendo kasi, naona kama video za muziki zilizochujuka. Je, kwa maoni yenu nyimbo hizo ndizo zilizoipa tamthilia uzito, au ndizo zinazoifanya leo ionekane imezeeka?

Jibu la kwanza

Mimi nasema ziliibeba, na ushahidi wangu ni sehemu ya kwanza kabisa. Wapelelezi wakuu wa tamthilia, Crockett na Tubbs, wanaendesha gari usiku wakienda kumkabili mfanyabiashara wa dawa za kulevya, huku Phil Collins akiimba "In the Air Tonight". Kamera inashuka hadi kwenye gurudumu linalozunguka, kisha tunaona bunduki ikitiwa risasi; Crockett anasimama kwenye kibanda cha simu na kumuuliza mke wake, ambaye walikuwa wametengana, kama mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Mazungumzo ni machache mno, na hofu yote imeachiwa wimbo. Tena wimbo wenyewe ulitoka mwaka 1981, kwa hiyo hata wakati ule haukuwa mpya, na hilo linanionyesha kwamba waliuchagua kwa sababu ulifaa.

Jibu la pili

Kwa heshima zote, mwenzangu, tukio moja zuri lisitufanye tumsahau Jan Hammer. Mzaliwa huyu wa Prague, aliyewahi kupiga kinanda katika Mahavishnu Orchestra, bendi iliyochanganya jazi na roki, alikuwa akitunga muziki mpya wa karibu kila sehemu kwa misimu minne ya mwanzo, na utunzi wake wa utangulizi, usio na neno hata moja la kuimbwa, ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard mwezi Novemba 1985. Vibao vya watu wengine vilikuja na kuondoka, ilhali ni kinanda chake kilichoupa mji ule upweke wake. Mkisikiliza msimu wa tano, alipokuwa amekwisha kuondoka, mtaona pengo lilivyo kubwa.

Jibu la tatu

Kuna njia ya kulipima jambo hili, nayo ni kutazama tamthilia iliyonyang'anywa nyimbo zake. WKRP in Cincinnati, kichekesho cha CBS kuhusu kituo cha redio kilichorushwa kuanzia 1978 hadi 1982, ilipotolewa kwenye DVD mwaka 2007, nyimbo nyingi zilibadilishwa kwa sababu gharama ya haki za kuzitumia ilikuwa kubwa. Badala ya roki ya enzi zile, watangazaji wakawa wanapiga muziki usiojulikana na mtu, na kituo kizima kikapoteza uhai. Toleo la mwaka 2014 lilirudisha sehemu kubwa ya nyimbo za asili, na kwa kweli hilo ndilo la kutafuta.

Muuliza swali

Nawashukuru. Kuhusu Hammer nakubali kabisa, lakini bado sijashawishika kwamba kila kibao kilistahili nafasi yake, maana vingine naviona vimebandikwa tu kwa kuwa vilikuwa vikiuza. Afadhali "Smuggler's Blues" ya Glenn Frey: sehemu nzima ya mwaka 1985 ilijengwa juu ya wimbo huo na kupewa jina lake, na Frey mwenyewe akaigiza kama rubani. Huo ukiuondoa, hakuna hadithi inayobaki.