Santuri ya The Drifters: ninunue ya kikosi kipi?

KandaMbili: Wakuu, nataka kumnunulia baba mkwe santuri ya The Drifters, lile kundi la waimbaji wa Marekani. Muuzaji anazo tatu: ya enzi za mwimbaji Clyde McPhatter, ya enzi za Ben E. King, na mkusanyiko wa "vibao vyote". Bei hazipishani sana. Nichukue ipi?

MamaTanga: Mzee anapenda wimbo gani? Mashine ya kupigia anayo? Mbona hujasema kitu, ndugu yangu.

BesiNzito: McPhatter tu! Alitoka kundi la Dominoes 1953, akaunda The Drifters chini ya kampuni ya santuri ya Atlantic, mwaka huohuo wakaachia "Money Honey". Sikiliza "White Christmas" yao ya 1954: Bill Pinkney anaanza chini kabisa kwa besi, kisha McPhatter anapokea juu, anaichezea sauti mpaka unacheka mwenyewe. Hao ndio Drifters. Waliofuata wamevaa jina.

Mdadisi77: Jina lilikuwa la meneja, George Treadwell. McPhatter alipochukuliwa jeshini alimuuzia hisa zake, wenzake wakabaki vibarua wa mshahara. 1958 Treadwell akawatimua wote, akawachukua vijana wa kundi jingine, Five Crowns, Ben E. King akiwemo, akawabandika jina lilelile. Kwetu mwimbaji ndiye huhama bendi, pale bendi ilihama waimbaji.

MamaTanga: Na hao wapya ndio walioshika namba moja Marekani na "Save the Last Dance for Me", 1960. Mkwe atacheza hiyo, siyo besi zako.

BesiNzito: Namba moja si hoja. "There Goes My Baby" ya 1959 imejaa vinanda vya uzi na ngoma za okestra. Doo-wop, ule uimbaji wa sauti za kupokezana, iko wapi hapo?

Mdadisi77: Hata Jerry Wexler wa Atlantic hakuipenda alipoisikia. Watu wakainunua hivyohivyo.

Kitambi_cha_Raha: Mkusanyiko usiuguse! Mimi nilinunua mmoja mtandaoni, jaladani vijana wa suti, picha ya zamani safi. Nikaalika watu, nyama iko jikoni. Naweka sindano: sauti siyo, ngoma za miaka ya sabini, "Up on the Roof" inakimbia kama ina basi la kuwahi. Kugeuza jalada, maandishi ya sisimizi: nyimbo zimerekodiwa upya. Muuzaji akaniambia, "Si Drifters hao?" Shemeji yangu hadi leo ananiita Drifter.

Mdadisi77: Pole. "Up on the Roof" halisi, ya 1962, ni ya Rudy Lewis, ambaye watu humsahau. Alifariki Mei 1964, "Under the Boardwalk" ikiwa tayari kurekodiwa, ikabidi Johnny Moore aiimbe. Moore huyohuyo alishaongoza "Ruby Baby" kabla ya fukuza-fukuza.

BesiNzito: Kumbe unakubali wa kwanza walikuwa na watu!

Mdadisi77: Nimesema Moore. Usinilishe maneno.

KandaMbili: Nimempigia mama mkwe. Anasema mzee huimba ile ya "stand by me".

MamaTanga: Hiyo siyo ya Drifters! Ben E. King aliitoa akiwa peke yake, 1961, ameshatoka kwa ugomvi wa mshahara.

KandaMbili: Haya. Na mashine anayo, ila haina sindano.

Kitambi_cha_Raha: Ni mashine ya aina gani? Sindano hazifanani. Piga picha ya kichwa chake, uiweke hapa.