Descartes mpaka Kant, nisomeje? Naombeni ushauri wakuu

Binti_Mwaka2:
Habari za jioni wakuu. Nasoma falsafa mwaka wa pili, semista hii tuna kozi ya wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 17 na 18, Descartes, Spinoza, Leibniz, Locke, Berkeley, Hume tunamalizia na Kant. Mwaka wa kwanza Plato hakunisumbua kabisa lakini hii kozi jamani!! Kitabu cha Descartes cha Tafakuri nimesoma mara mbili na noti nikaandaa, test nimepata 9 kati ya 20, lekchara kaandika kwa peni nyekundu "umesimulia, hoja iko wapi?" halafu kazungushia pale niliposema kwenye Tafakuri kuna "nafikiri, kwa hiyo nipo", akaweka alama ya kuuliza. Kosa ni nini wakati kila mtu anajua Descartes ndo kasema? Kingine, naomba msinicheke, hii habari ya Descartes kutilia shaka kila kitu kwenye Tafakuri ya kwanza inaninyima amani, nimelelewa kwenye dini na nikizima taa yale maswali yanarudi. UE (mtihani wa mwisho wa semista) ni wiki 6 zijazo.

mzee_wa_noti:
Pole mdogo wangu. Hapo lekchara yuko sahihi, yale maneno yako kwenye kitabu chake cha 1637 alichoandika kwa Kifaransa. Kwenye Tafakuri za 1641 hajasema hivyo, anasema "mimi nipo" ni kweli kila ninapoitamka au kuiwaza. Rudi usome taratibu, ile ya kwanza ina "kwa hiyo", imekaa kama hitimisho la hoja, hii ya pili ni kitu unakiona palepale ukiwa unawaza. Je ni hoja au siyo hoja? Hilo peke yake unaandikia kurasa 2 na hapo husimulii tena.

Kijana wa Moro:
Tafuta pasti pepa za miaka 5 kariri, mimi nilitoka na B.

Mama Hoja:
Akikariri atapata kilekile cha "umesimulia". Sikiliza mdogo wangu, hawa watu usiwasome mmojammoja kama orodha ya wafalme, wasome wakibishana. Descartes kabla ya kuchapisha alipeleka mswada kwa watu kina Hobbes, Arnauld na Gassendi wakampinga, akawajibu, na mabishano yote yakatoka pamoja na kitabu, anza na hayo. Halafu soma barua za Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme, Mei 1643 alimuuliza kama roho haina umbo wala haichukui nafasi inausukumaje mwili? Likamsumbua kweli. Ukilishika swali hilo wengine wanafunguka, Spinoza anakwambia roho na mwili ni kitu kimoja kikitazamwa kwa njia mbili, Leibniz anasema havigusani kabisa, Mungu alishavipatanisha toka mwanzo kama saa mbili zinazokwenda sawa. Na mtafute Anton Wilhelm Amo, mtoto wa Axim, Ghana ya leo, alipelekwa Ujerumani akiwa mdogo akaja kufundisha chuo Halle na Jena. Mwaka 1734 aliandika kwa Kilatini kwamba kuhisi ni kazi ya mwili na si ya roho, na kwenye kumpinga Descartes akanukuu barua yake kwa huyohuyo Elisabeth. Mimi nilimaliza digrii sijawahi kusikia jina lake darasani, inaniuma mpaka leo.

Ex_seminari:
Dada kuhusu imani, hakuna wa kukucheka, nimepita hapohapo. Descartes mwenyewe alitoa mfano wa kapu la matofaa, ukihofia mengine yameoza unamwaga yote unarudisha mazima moja moja, na ndivyo wanavyofanya wauza nyanya na tenga. Anayemwaga tenga hajazitupa nyanya. Na Tafakuri ya tatu inarudi kumthibitisha Mungu, sasa kama uthibitisho unasimama au hausimami hilo ulipime mwenyewe, ila usiishie ya kwanza ukalala nayo.

Binti_Mwaka2:
Asanteni sana, hilo tenga limenipa usingizi. Nimesoma barua zote za 1643 na hapa nimekwama, tarehe 28 Juni Descartes anamjibu Elisabeth kwamba muungano wa roho na mwili tunaujua vizuri kwa hisia na maisha ya kawaida, siyo kwa kufikiri peke yake. Sasa si yeye huyohuyo kwenye Tafakuri alituambia hisia zinadanganya? Mama Hoja, au nimemwelewa vibaya?