Mbwa mzee mwenye ugonjwa wa figo: nitajuaje kwamba wakati wa kumpumzisha umefika?

MkaziWaNjiro (Arusha)

Salamu kwenu nyote. Nina mbwa jike wa kienyeji anayeitwa Popi, mwenye umri wa miaka 13, ambaye daktari wa mifugo amemkuta na ugonjwa wa figo uliokwisha kukomaa. Anakunywa maji mengi, anajikojolea hata anapolala, amekonda hadi mbavu zinahesabika, na chakula anakigusa leo na kukiacha kesho. Hata hivyo, geti likifunguliwa bado anainua kichwa na kutikisa mkia, na hapo ndipo ninaposhindwa kuamua.

Ushauri ninaoupata mtaani hauniridhishi. Wapo wanaosema nimwekee sumu kwenye nyama, na yupo muuza dawa za mifugo aliyejitolea kumchoma sindano ya kumuua kwa bei ndogo bila kunieleza ni dawa gani. Mama yangu mzazi, tunayeishi naye, anaamini kwamba kupanga siku ya kufa kwa kiumbe si kazi ya binadamu. Naomba wenye ujuzi wanieleze nimtunzeje nyumbani katika kipindi hiki, nitatambuaje kwamba amefika mwisho, na ikibidi achomwe sindano, ni nini hasa hutokea. Nina pia mtoto wa miaka 7 aliyekua pamoja na mbwa huyu.

DaktariWaMifugo_Moshi

Pole sana, ndugu yangu. Kabla hatujazungumzia mwisho, je, Popi alipimwa magonjwa ya kupe? Katika mikoa yetu hii, mbwa mwenye umri mkubwa akinyong'onyea watu husema ni uzee, kumbe wakati mwingine ana ehrlichia au babesia, vijidudu vinavyoenezwa na kupe ambavyo huleta homa na kumpunguzia damu. Na ehrlichia ikikaa mwilini muda mrefu huweza kuziumiza figo zenyewe. Ehrlichia hutibika kwa doksisaiklini, dawa inayotumiwa kwa takriban wiki nne. Usitegemee rangi ya ufizi peke yake, kwa sababu ufizi hupauka pia kwa mgonjwa wa figo. Damu ndiyo ipimwe.

Ikiwa vipimo vitathibitisha kwamba tatizo ni figo tu, basi ujue kwamba sehemu iliyokwisha kufa hairudi. Kiwango cha kreatinini (uchafu ambao figo huuondoa) katika damu kwa kawaida huanza kupanda baada ya takriban robo tatu ya uwezo wa figo kupotea, ndiyo maana ugonjwa huonekana kama umekuja ghafla ilhali umekuwepo muda mrefu. Kinachobaki ni kumpunguzia adha.

Maji yawepo mbele yake usiku na mchana. Nimekutana na watu wanaomnyima mbwa maji ili asikojoe ndani, na huko ni kumharakishia kifo, kwa kuwa anakunywa sana kufidia maji ambayo figo zimeshindwa kuyazuia. Daktari wako anaweza kukufundisha kumwekea maji ya dripu chini ya ngozi. Si kazi ngumu kwa mtu mwenye mkono mtulivu. Chakula kiwe laini, cha uvuguvugu, kidogo kidogo. Mara nyingi hakatai kula kwa kukosa njaa: uchafu unaorundikana katika damu humletea kichefuchefu na vidonda mdomoni, kwa hiyo omba dawa ya kuzuia kutapika kabla ya kumlazimisha chakula. Malazi yawe mazito na makavu, hasa sasa baridi ya Julai inapoanza kuuma huko Arusha, naye asafishwe mkojo kila mara ili ngozi isichubuke. Ikifika mahali hawezi kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa chache, la sivyo atapata vidonda vya kulalia.

Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu kwa ajili ya maumivu. Dawa hizo hutoboa tumbo la mbwa na kuzimaliza figo ambazo tayari ni dhaifu. Wenye paka nao wajue kwamba hata kidonge kimoja cha parasetamoli huweza kumuua paka.

MzeeWaMachame

Wanangu, nimefuga mbwa tangu ujana wangu hapa kihambani, na sikumbuki hata mmoja aliyechomwa sindano. Mbwa akijua siku zake zimekwisha, huenda mwenyewe migombani akalala, na asubuhi tunamkuta amekwisha kufa. Nakubaliana na mama wa huyu kijana. Nasema pia, bila kumkwaza mtu, kwamba fedha za vipimo vyote hivi zingemsaidia binadamu mgonjwa.

MamaRau

Shikamoo Mzee. Ninaheshimu usemayo, lakini naomba kutofautiana nawe juu ya huko migombani. Tulichokiona asubuhi ni mwili. Hatukuona usiku ulivyokuwa. Nimewahi kuuguza paka wawili wenye figo mbovu. Wa kwanza alijifia nyumbani, na kabla ya kufa alitapika, akatetemeka, akawa na degedege ambazo sikuwa na dawa ya kuzituliza. Wa pili alipofika hatua hiyo nilimwita daktari, na paka akaondoka huku nimemshika. Kwa wa kwanza sikuona chochote ambacho ningekiita mapenzi ya Mungu zaidi ya kilichotokea kwa wa pili.

Kuhusu fedha, familia ijiwekee kiwango mapema na isione aibu. Sindano iliyofanywa vizuri mara nyingi hugharimu kidogo kuliko wiki kadhaa za dripu zisizobadilisha kitu.

MkaziWaNjiro, kwa mtoto, mwambie kwamba Popi anaumwa ugonjwa usiopona na kwamba atakufa. Usimwambie mbwa amesafiri au amepelekwa shamba, maana ataendelea kumngoja na siku moja atakuuliza kwa nini hamkumfuata. Aulizwe kama anataka kumuaga, akikataa, asilazimishwe.

DaktariWaMifugo_Moshi

Shikamoo Mzee. Kuna wanyama ambao kweli hufa kwa utulivu, hasa moyo unaposimama ghafla, na mwenye mnyama wa namna hiyo hahitaji sindano yangu. Ugonjwa wa figo ukiachwa hadi mwisho kwa kawaida hauko hivyo, kama MamaRau alivyoeleza.

Sasa nijibu swali la kutambua wakati. Daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa mwaka 2004 kipimo ambacho familia yoyote inaweza kukitumia. Mnaangalia mambo saba: maumivu (pamoja na namna anavyopumua), kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema bado ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 inachukuliwa kwamba maisha yake bado yanavumilika. Ninapendekeza wewe, mama na mkeo mjaze kila mtu peke yake kabla ya kulinganisha, kwa sababu anayempenda mbwa zaidi huwa mkarimu mno wa alama. Mkia unaotikiswa getini ni sehemu ya jambo moja tu kati ya saba. Asipokula kabisa kwa siku mbili, akipumua kwa shida hata akiwa amelala, au akipata degedege, msisubiri jumla.

Sumu msiifikirie. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na sumu anazouziwa mtu mtaani mara nyingi huua kwa mikazo ya misuli huku mnyama akiwa na fahamu zake. Huyo muuza dawa muulize anatumia dawa gani. Dawa inayofaa ni pentobabitali kwa kipimo kikubwa, ambayo huzima ubongo kwanza, kisha pumzi na moyo. Kloridi ya potasiamu husimamisha moyo, lakini mnyama asiyekuwa katika usingizi mzito wa dawa huumia sana, kwa hiyo haikubaliki kutumiwa peke yake. Mtafute daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Kwa kawaida huanza sindano ya kumtuliza, na baada ya dakika chache husinzia. Kisha dawa yenyewe huingizwa kwenye mshipa, mara nyingi wa mguu wa mbele, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na pengine ataonekana kama anavuta pumzi moja au mbili baada ya kufa. Huo ni mwitikio wa misuli tu. Mtoto akiwepo, aelezwe hayo mapema.

Jambo ambalo wengi husahau ni mzoga. Pentobabitali hubaki mwilini, na mbwa koko, fisi au tai akiula anaweza kufa naye. Mchimbieni kaburi lenye kina cha kutosha ili udongo wa juu yake uzidi mita 1, mbali na kisima au mfereji, na mumfunge kwa shuka la pamba badala ya plastiki. Kama kiwanja ni kidogo, muulize daktari kuhusu kumchoma moto.

MkaziWaNjiro (Arusha)

Ninawashukuru wote, pamoja na Mzee. Mama amesoma hapa na kusema kwamba damu ipimwe kwanza, na kama ni figo peke yake hatapinga. Je, kazi hiyo inaweza kufanyika barazani nyumbani, au ni lazima tumpakie kwenye gari?

DaktariWaMifugo_Moshi

Inaweza kufanyika nyumbani, na kwa mbwa anayeogopa gari ni bora zaidi. Panga na daktari saa ambayo mwanga ni mzuri ili aone mshipa, kwani mbwa aliyeishiwa maji mshipa wake hupatikana kwa taabu. Malipo yakamilishwe kabla, na kaburi liwe tayari limechimbwa, ili baada ya hapo msiwe na shughuli nyingine isipokuwa kuzika.