MREJESHO: Mwanangu aliyekuwa anaharisha na kutapika

Habari zenu wakuu. Ni mimi niliyeuliza wiki iliyopita nimpe nini mwanangu wa miaka 2 anayeharisha na kutapika kila anachokula. Asanteni sana, leo kaamka anadai chapati!

Kosa langu lilikuwa soda. Bibi yake alisema ikitolewa gesi inatuliza tumbo, kumbe sukari nyingi inazidisha kuharisha. Nikaiacha, nikakoroga pakiti moja ya ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kikombe cha kwanza alikitapika chote. Mliosema nisubiri dakika 10 kisha nimpe kijiko kimoja kimoja, Mungu awabariki. Usiku kucha nimeshika kijiko, mkono ukafa ganzi, lakini safari hii yalibaki tumboni. Alfajiri akakojoa. Sijawahi kufurahia nepi iliyolowa namna ile.

Chakula nilianza na uji, halafu wali laini na ndizi mbivu. Zahanati wakaniongezea vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10. Zimebaki 6. Namyeyushia kwenye kijiko, na bado anatema.