Bei ya nyumba imeshuka, kazi imekwisha: benki izuiwe kupiga mnada?

Dada Hesabu: Swali langu: mtu amenunua fleti Nairobi kwa mkopo, mwajiri amepunguza wafanyakazi, na bei imeshuka kwa kuwa fleti ni nyingi kuliko wapangaji. Benki izuiwe kupiga mnada mwaka mzima? Chukua nyumba ya milioni 10, mkopo milioni 8, riba 14%, miaka 20. Kila mwezi ni kama 99,500. Mwezi wa kwanza riba inakula 93,300, deni linapungua 6,100 tu. Ukilipa miaka 3 bila kukosa bado unadaiwa milioni 7.73. Nyumba ikiuzwa mnadani kwa milioni 7.5, umepoteza nyumba na deni limebaki.

Mzee wa Ploti: Aliyekopa hakushikwa mkono. Nunua ploti, jenga chumba kimoja kimoja. Sheria inampa siku 90, kazi atakuwa amepata. Na fleti zenyewe bei inashuka kwa sababu mafundi wa siku hizi wanamwaga zege kama uji.

Wakili wa Mtaa: Mzee wangu, hizo 90 ni hatua ya kwanza tu. Sheria ya Ardhi ya 2012: ukishakosa kulipa mwezi mmoja, notisi ya miezi 3 chini ya kifungu cha 90. Halafu notisi ya kuuza, siku 40, kifungu cha 96. Halafu dalali anatoa siku 45 za kukomboa, ndipo tangazo la gazeti, na mnada usiwe kabla ya siku 14. Hiyo ni zaidi ya miezi 6. Mume au mke naye lazima apewe notisi ya kuuza nyumba ya ndoa. Benki zikisahau hapo, mnada unasimama mahakamani. Na ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa 25% au zaidi, benki ndiyo inayopaswa kujieleza.

Fundi Msumari: Uji? Mzee, ulishawahi kupima? Zege la slabu ni 1:2:4. Simiti mfuko wa kilo 50, mchanga mbili, kokoto nne, kwa sanduku, si kwa sepetu. Maji lita 25 hivi. Anayeongeza maji ni mwenye nyumba akiona kazi inakwenda pole pole na vibarua wanalipwa kwa siku. Likishamwagwa, lowanisha siku 7. Miti ya chini inayoshikilia slabu usitoe kabla ya siku 21.

Mzee wa Ploti: Na mchanga ukiwa umenyeshewa? Bado lita 25? Nilijua.

Fundi Msumari: Unapunguza maji, mzee. Finyanga mchanga kiganjani: ukishikana kama tonge, ondoa lita 3 au 4 uangalie. Hilo kibarua wa wiki ya pili analijua.

Dada Hesabu: Tulikuwa mnadani, sasa tunafinyanga mchanga.

Fundi Msumari: Dada, ndiyo mada yenyewe. Nyumba zisiponunuliwa, benki inakatiza pesa inazompa mjenzi kila hatua ya ujenzi ikiisha. Kwanza anarudi kwao wa kubeba kokoto, kisha sisi, kisha mama anayeuza chakula mlangoni. Hakuna kati yao mwenye mkopo wa nyumba, na hakuna anayewapigia mjadala. Vyuma vinabaki vimechomoza, mvua inapiga. Kazi ikirudi lazima kukwangua kutu kwa brashi ya waya, na kilicholika hadi kupungua unene kikatwe. Hiyo gharama nani alipe?

Msafiri wa Kilindini: Marekani mwaka 2008 watu walirudisha funguo wakaenda zao. Kwa nini huku tusiige?

Wakili wa Mtaa: Si kila jimbo. California mkopo wa kununulia nyumba ya kuishi unaishia kwenye nyumba: benki inaichukua, haikudai kilichobaki. Kenya benki inaweza kukushtaki kwa kilichobaki, mshahara mpya ukiwamo.

Dada Hesabu: Basi ndiyo maana kusimamisha mnada peke yake ni mtego. Riba isipozimwa, ile 7.73 baada ya mwaka inakuwa karibu 8.9. Machi 2020 Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya kwa sababu ya korona. Malipo yalisogezwa, deni halikufutwa.

Mzee wa Ploti: Kwa hiyo unakubaliana nami, asikope.

Dada Hesabu: Sikusema hivyo! Nasema aombe muda urefushwe mapema, kabla hajakosa hata mwezi mmoja, kwa maombi yenye barua ya kuachishwa kazi na taarifa za benki za miezi 6. Akishachelewa miezi 3, mkopo umeingia kwenye mikopo mibaya na meneja wa tawi hana tena kauli.

Mzee wa Ploti: Haya. Fundi, hiyo miti siku 21, na boriti je?

Fundi Msumari: Boriti ndefu iache hadi 28. Na usiulize kama ni mianzi.