Nguzo za ukuta kila sentimita 60 badala ya 40: je, zitapunguza joto ndani ya nyumba?

Mjenzi wa Gulu: Ndugu zangu, nawasalimu. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya Gulu, na kwa kuwa uchomaji wa matofali unatumalizia miti, nimeamua kuta ziwe za fremu ya msonobari. Fundi wangu anashikilia kwamba nguzo zikae kila sentimita 40. Mimi nimesoma kwamba Marekani wapo wanaozitenganisha kwa sentimita 60 ili kupunguza mbao na joto. Nimfuate nani? Jua la Januari na Februari la huku mnalijua.

Seremala wa Jinja: Fundi wako hajakosea, lakini 60 inawezekana kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Ukuta wa mita 6 wenye nguzo 16 utabaki na 11, na kona inaweza kusimama kwa nguzo mbili badala ya tatu au nne. Sharti ni kwamba kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ikalie nguzo yake moja kwa moja, hasa ukitumia boriti moja tu juu ya ukuta. Kenchi ikiangukia katikati ya nafasi, boriti hiyo italegea. Mbao za nje nazo ziwe nene, la sivyo zitabonyea.

Mchora ramani, Kampala: Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Mbao hupitisha joto takriban mara tatu kuliko pamba ya kioo, yaani nyuzi za kioo za kuzuia joto, ndiyo maana nguzo chache husaidia. Lakini msaada huo hupatikana pale tu nafasi zilizo kati ya nguzo zinapojazwa pamba hiyo au kitu cha namna yake. Ukiziacha tupu, utakuwa umeokoa fedha za mbao, basi. Tena kwa Gulu mimi ningeanza na paa, kwa sababu jua la karibu na ikweta hupita juu ya utosi na mabati ndiyo yanayolipokea mchana kutwa. Weka dari, juu yake pamba, kisha matundu ya hewa yenye wavu kwenye ncha za paa. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, maana za mashariki na magharibi hupigwa na jua la asubuhi na la jioni, ambalo upenu hauwezi kulizuia vizuri.

Mjenzi wa Gulu: Nashukuru, wakuu. Msingi haujachimbwa, kwa hiyo nyumba bado naweza kuigeuza. Je, mkaratusi hautafaa, maana ninao shambani?

Seremala wa Jinja: Mbichi usiuguse, utapinda na kupasuka ukikauka ukutani. Baki na msonobari uliokaushwa na kutiwa dawa, na boriti ya chini ikae juu ya zege lililoinuka, ili mchwa wakipanda uione njia yao ya udongo mapema.